Nazi Haianguki Bila Kumbi Lake



Uko msemo ambao twausikia kila mara mtu anapopatwa na msiba wa barabarani: Ajali haina kinga. Husemwa matangani, husemwa penye vitanda vya hospitali, husemwa na vijana waketio juu ya pikipiki zao pale Ukunda wakingoja abiria. Msemo huu una heshima yake, maana humfariji aliyefiwa asije akajilaumu kwa jambo lililokwisha kupita. Lakini yatupasa kuangalia ni nani ausemaye, na ausema wakati gani. Aliyefiwa akisema hivyo, amejipoza moyo. Mtu mzima akisema hivyo asubuhi, kabla ya kuwasha pikipiki, huku helmeti yake inaning'inia kwenye usukani, huyo hajipozi moyo bali anajitafutia udhuru. Juma hili nataka tuupime udhuru huo tuone kama una uzito wowote.

Kwanza tuseme haki. Pikipiki imetufaa sana sisi wakaaji wa Kwale. Mnamo mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika pikipiki ndogo zisizozidi nguvu ya cc 250, na tangu hapo zimeenea kila mahali kama mvua za masika. Ziko njia nyingi katika upande wa Kinango, Lunga Lunga na Shimba Hills ambazo matatu haipiti, na mama mjamzito wa huko hana gari jingine la kumfikisha hospitali ya Msambweni isipokuwa bodaboda. Samaki wa Gazi na Shimoni, nazi za Tiwi, maembe na korosho, daftari za watoto na magunia ya unga, vyote hupanda pikipiki. Vijana wengi waliokuwa wakikaa bure barazani wamepata kazi ya halali, wakaoa, wakajenga. Kwa hiyo mtu asinielewe vibaya akadhani ya kuwa nimekuja kuitukana kazi yao. Kazi ni njema, na kwa kuwa ni njema, yafaa mwenye kuifanya arudi nyumbani jioni akiwa mzima.

Sasa tutazame sheria. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, ina kifungu cha 103B kilichotiwa mwaka 2012. Kifungu hicho kinamwagiza mwendesha pikipiki avae helmeti, yaani kofia ngumu, pamoja na kizibao chenye kuakisi mwanga. Kinamwagiza pia awe na helmeti ya pili na kizibao cha pili kwa ajili ya abiria wake, na abiria naye ameamriwa kuvivaa. Tena kinakataza kuchukua abiria zaidi ya mmoja kwa safari moja. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, nayo kanuni za makosa madogo ya barabarani zilizotolewa mwaka 2016 zilitaja faini ya shilingi 1,000 kwa dereva asiyevaa vifaa hivyo, na shilingi 1,000 kwa abiria wake vile vile. Basi mtu asiseme sheria haipo, au ya kuwa inamhusu dereva peke yake. Ipo, nayo yatuhusu sisi sote tupandao.

Lakini sheria iliyoandikwa ni kitu kimoja, na sheria ishikwayo ni kitu kingine. Mimi ni karani, napanda pikipiki kila juma kwa shughuli za kazi na za nyumbani, na mambo nitakayoyataja kila msomaji ameyaona kwa macho yake. Madereva wengi wana helmeti moja tu. Wako waivaao kiwikoni kama bangili, na wako waivaao kichwani ila ukanda wa kidevu haujafungwa. Akikaribia mahali ambapo askari huweka kizuizi, dereva huivaa upesi upesi, akishapita, huivua. Utadhani askari ndiye ajali! Helmeti imekuwa kama cheti cha kumwonyesha mkaguzi, wala si chombo cha kulinda ubongo. Helmeti ya abiria ndiyo adimu zaidi. Nayo asubuhi, katika njia za shule, utaona pikipiki moja imebeba watoto watatu au wanne, na hapana hata mmoja aliyefunikwa kichwa isipokuwa kwa kofia ya sare au mtandio.

Wengi hufanya hivyo kwa kuwa hawajui kipimo cha hatari yenyewe. Mwendo wa kilomita 40 kwa saa huonekana ni mwendo wa pole, na juu ya lami ya barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga kilomita 60 si kitu. Lakini fanya hesabu hii, ambayo mwalimu yeyote wa sayansi atakuthibitishia. Kichwa kinachogonga ukuta au ubavu wa lori kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa ni sawa na kichwa kilichoanguka kutoka urefu wa mita 3 na nusu. Kwa mwendo wa kilomita 40, ni sawa na kuanguka kutoka mita 6 na zaidi kidogo. Kwa kilomita 60, ni mita 14. Sasa simama uani kwako, tazama juu ya mnazi mrefu. Mita 14 ndiko huko, katika makuti, mahali anapokaa mgema.

Watu wa Kwale hawahitaji kufundishwa maana ya kuanguka kutoka juu ya mnazi. Karibu kila kijiji, toka Waa mpaka Vanga, kinazo habari za mkwezi aliyeanguka, na mwisho wake twaujua. Kwa sababu hiyo mkwezi huwa na tahadhari. Hukata vidato katika shina, huangalia kama mti una utelezi baada ya mvua, wala hakubali kubeba mtu mgongoni. Mtu akimwambia, “Panda tu, ajali haina kinga,” atamwona ana wazimu. Mbona basi kijana yule yule akishuka mnazini na kupanda pikipiki husahau elimu yake yote? Urefu ni ule ule, ila umelala chini juu ya barabara, kwa hiyo hauonekani.

Na mnazi unalo somo jingine. Nazi iliyokauka huanguka kutoka juu, ikapiga ardhi kwa kishindo, na aghalabu haipasuki. Lakini ichukue nazi hiyo hiyo, uifue kwa kifuo, uondoe kumbi lote, kisha uiangushe juu ya jiwe kutoka kimo cha kifua chako. Itapasuka na maji yake yatamwagika. Kifuu hakikubadilika, ni kile kile. Kilichoondoka ni kumbi. Kumbi ni laini, hubonyea likipigwa, na katika kubonyea kwake hulimeza pigo na kulitawanya lisifike kifuuni lote kwa mara moja. Kichwa cha binadamu nacho kina kifuu, ndilo fuvu, na ndani yake ubongo ulio laini kuliko dafu. Mwenyezi Mungu hakutuumbia kumbi kichwani, maana hakutuumba tukimbie kilomita 60 kwa saa. Sisi tuliojitengenezea mwendo huo hatuna budi kujitengenezea na kumbi lake.

Helmeti njema imeundwa kwa mfano huo huo. Ganda la nje ni gumu ili lisitobolewe na jiwe au ncha ya chuma, na ndani yake kuna povu gumu ambalo hubonyea wakati wa pigo. Kutokana na hayo tunajifunza mambo manne. La kwanza, kofia ya plastiki ya mafundi wa ujenzi si helmeti ya pikipiki, maana haina povu hilo. Iliundwa kwa ajili ya kitu kidogo kiangukacho kutoka juu. La pili, helmeti iliyokwisha kupata pigo kubwa haifai tena hata kama kwa nje haina ufa, kwa kuwa povu likishabonyea halirudi. La tatu, ukanda usipofungwa, helmeti itaruka kabla kichwa hakijafika chini, na itakutwa nzima kando ya maiti. La nne, anunuaye atafute ile yenye alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, wala asidanganywe na rangi ya kung'aa.

Labda msomaji atauliza, je, jambo hili limepimwa, au ni maneno ya Serikali tu? Limepimwa kwa muda mrefu. Mwezi Mei mwaka 1935, Mwingereza aitwaye T. E. Lawrence, aliyekuwa amepata sifa kubwa kwa vita vya Uarabuni, alikuwa akiendesha pikipiki karibu na nyumbani kwake. Akakwepa wavulana wawili waliokuwa juu ya baiskeli, akarushwa. Hakuwa na helmeti. Alikaa siku sita bila fahamu akafa, naye alikuwa na umri wa miaka 46. Katika madaktari waliomwangalia alikuwamo bingwa wa upasuaji wa ubongo, Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia. Daktari huyu alianza kuchunguza habari za waendesha pikipiki. Akaona ya kuwa katika miezi 21 ya kwanza ya Vita Kuu ya Pili, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 waliuawa katika barabara za Uingereza. Akakuta wagonjwa saba waliokuwa wamevaa helmeti walipoanguka, na wote saba hawakuumia sana vichwani. Alichapisha habari hizo mwaka 1941, na mwaka huo huo Jeshi la Uingereza likawaamuru askari wake wa pikipiki wavae helmeti.

Lakini angalieni jinsi binadamu alivyo mzito wa kukubali. Raia wa Uingereza hawakulazimishwa na sheria mpaka mwaka 1973, yaani miaka 32 baadaye. Jimbo la Victoria katika Australia liliwatangulia mwaka 1961. Kwa hiyo ubishi tunaousikia stejini kwetu si wa Waafrika tu. Wazungu nao waliubisha miaka mingi, na waliendelea kuzikana vile vile. Mwaka 2008 wataalamu walikusanya uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali wakaulinganisha, wakaona ya kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Haiondoi hatari yote, na asiwepo mtu wa kusema hivyo. Lakini mfanyabiashara gani wa Diani ataambiwa kuna njia ya kupunguza hasara yake kwa asilimia 69, kisha akaikataa?

Tena twaweza kutazama nchi maskini kama sisi ambazo zimefaulu. Vietnam ni nchi ya pikipiki kupita kiasi. Tarehe 15 Desemba 2007 sheria ya helmeti ilianza kushikwa huko katika barabara zote, kwa faini nzito na kwa askari wasiofumba jicho, na kwa muda mfupi watu zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wamevaa. Jirani zetu wa Rwanda nao wamezoea. Abiria wa Kigali hupewa helmeti kabla hajakaa, naye huivaa bila kushurutishwa. Kinyume chake, jimbo la Florida katika Marekani lililegeza sheria yake mwaka 2000, na vifo vya waendesha pikipiki vikaongezeka katika miaka iliyofuata.

Sasa tuje kwenye udhuru wa nyumbani kwetu. Wa kwanza ni joto. Ni kweli, jua la Pwani ni kali, hasa kaskazi inapovuma, na helmeti hutoa jasho. Lakini jasho hukauka, na iko helmeti yenye matundu ya kupitisha hewa. Wa pili ni uchafu: abiria hataki kuvaa kofia iliyotoka kichwani mwa mtu asiyemjua. Udhuru huu nauheshimu, hasa kwa akina mama. Dawa yake ni rahisi. Abiria awe na kitambaa chepesi cha kuvaa ndani, na anayevaa hijabu tayari anacho. Dereva naye aianike helmeti juani kila jioni na kuufua utando wa ndani. Mtu apandaye kila siku, kama mwalimu, muuguzi au mfanyakazi wa hoteli, afadhali anunue yake mwenyewe. Twabeba mwavuli kwa kuogopa mvua ambayo haijapata kuvunja fuvu la mtu. Je, tutashindwa kubeba helmeti?

Wa tatu ni ufupi wa safari. “Nakwenda hapo Kona ya Musa tu,” mtu husema. Lakini lori halikuulizi unakwenda wapi. Wa nne ni kudura: siku ya mtu ikifika, imefika. Hapa mimi si mwalimu wa dini, lakini wazee wa Kiislamu wa Kwale wamenifundisha ya kuwa Mtume alimwambia bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu. Sioni kama kufunga ukanda wa kidevu ni tofauti na kufunga ngamia.

Limebaki neno zito, nalo ni la fedha. Vijana wengi si wenye pikipiki. Wao hupeleka hesabu ya kila siku kwa mwenye chombo, na kibakicho ndicho riziki yao. Mwenye chombo hununua tairi, kwa kuwa bila tairi hapana hesabu. Helmeti humwachia kijana, kwa kuwa bila helmeti hesabu yaja vile vile. Hili si haki. Bei ya helmeti mbili ni sehemu ndogo sana ya bei ya pikipiki. Mwenye chombo na azihesabu helmeti hizo kuwa ni sehemu ya chombo, kama taa na breki. Wenyeviti wa steji nao waweke sharti ya kwamba pikipiki isiyo na helmeti mbili haichukui zamu. Wao wana nguvu kuliko askari, maana wako pale kutwa. Na askari nasi twawaomba: faini ilipwe kwa njia ya sheria na kwa stakabadhi. Shilingi iingiayo mfukoni mwa mtu kando ya barabara humfundisha kijana jambo moja tu, ya kuwa helmeti ni bei ya kupita, wala si uhai wake.

Kabla sijaweka kalamu chini, nina maneno mawili ya msaada. Ukimkuta mtu ameanguka na helmeti kichwani, usiivute kwa nguvu, maana huenda shingo imeumia. Mwache alale bila kupindwa, hakikisha anavuta pumzi, na utafute gari. Na mtu aliyepigwa kichwa akainuka akasema ni mzima, msimwache peke yake. Damu yaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu na kuubana ubongo. Akianza kutapika, kusinzia, au kusema maneno yasiyopangika, apelekwe hospitali saa ile ile. Kutoka Msambweni hadi hospitali kuu ya Pwani kisiwani Mombasa ni mwendo wa kilomita 50 na zaidi, na jeraha la ubongo halingoji.

Nchini Kenya, watu 4,748 walikufa barabarani katika mwaka 2024, na waendesha pikipiki walikuwa miongoni mwa walio wengi katika hesabu hiyo. Kila mmoja alikuwa na nyumba iliyokuwa ikimngoja. Basi nawasihi, ninyi madereva, vaeni na mfunge. Ninyi abiria, ulizeni helmeti kabla ya kuuliza nauli. Dereva akikosa abiria watatu kwa sababu hiyo, siku ya nne atakuwa nayo. Ninyi wazazi, msikubali mtoto wenu awe wa nne juu ya kiti cha mmoja. Tahadhari kabla ya athari, nao huo ni msemo wa wazee wale wale waliotuachia ule wa kwanza.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya taa za baiskeli na wale watembeao usiku kando ya barabara bila nguo nyeupe.